UZI: Rubani na mtazamaji wake waliojificha kwenye mikoko ya Rufiji, Januari 1917. Wazee wa bahari na watu wa Newala, njooni tukisome kisa hiki pamoja

Mwana wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi.

Tukizungumzia Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu kusini tunataja mapigano ya Mahiwa, tunamtaja von Lettow-Vorbeck kamanda wa Wajerumani, tunaitaja manowari yao Königsberg, basi. Leo naleta kisa cha watu wawili ambao ndege yao ilishuka katikati ya ardhi ya adui wakajaribu kurudi kwao kwa miguu na kwa kuogelea. Maandishi ya serikali yao ninayoyajua kuhusu kisa hiki ni aya moja tu, ile iliyoandikwa rubani alipopewa nishani. Naamini kuna mambo ndani ya aya hiyo ambayo mtu aliyekulia kando ya bahari yetu atayaona mapema kuliko karani wa London.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 6 Januari 1917 ndege ya majini ya Waingereza iliruka kwenda kupeleleza Delta ya Rufiji. Rubani alikuwa Edwin Rowland Moon, mtu wa Southampton, miaka 30, ambaye kabla ya vita alikuwa ameshaunda ndege zake mwenyewe kule kwao. Aliyekaa naye kama mtazamaji alikuwa Kamanda Richard Bridgeman wa jeshi la majini, ambaye tayari alikuwa na DSO, nishani ya Waingereza kwa maofisa wa vita. Injini ikaanza kusumbua, wakalazimika kutua kwenye hori moja ndani ya delta. Wakaiharibu ndege isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani, kisha wakaanza kutafuta njia ya kurudi kwenye meli yao.

Siku tatu walizunguka humo. Chakula hakikuwepo, au kilikuwepo kidogo sana. Kila walipofika kwenye maji ilibidi waogelee, maana kingo zilizibwa na kichaka kisichopenyeka. Asubuhi ya tarehe 7 walitengeneza chelezo kwa miti mitatu na kipande cha mbao za kimia, yaani mbao nyembamba zilizopishanishwa kama wavu. Wakapiga makasia na kuchukuliwa na maji siku nzima ya tarehe 7 na siku nzima ya tarehe 8. Asubuhi ya tarehe 9 maji yakawatoa nje baharini. Bridgeman, ambaye hakuwa mwogeleaji hodari, akafa kwa kuchoka na kupigwa na hali ya hewa. Moon alijitahidi kumwokoa akashindwa. Jioni ya siku hiyo hiyo Moon alifika ufukweni peke yake, na Wajerumani wakamkamata.

Aliachiwa tarehe 21 Novemba 1917. Watu wa Newala, Kitangari na Masasi naomba muitazame tarehe hiyo vizuri, nitairudia huko mbele.

Kwa wageni wa historia hii: Königsberg ilijificha kwenye delta hiyo mwaka 1914, na Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, wakaleta ndege kuitafuta, na Julai 1915 meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikaipiga kwa mizinga huku ndege zikielekeza risasi kutoka juu. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake ya sentimita 10.5 waliitoa majini, wakaikokota nchi kavu na kuendelea kupigana nayo. Kwa hiyo Moon na Bridgeman walishuka mahali ambapo adui alikuwa ameshazoea kuangalia juu kila anaposikia mngurumo.

---

korosho_ghafi

Mkuu ahsante kwa uzi. Swali langu: kwa nini wasingekaa palepale na ndege yao? Wenzao si wangekuja kuwatafuta? Mtu akipotea porini huwa tunamwambia atulie sehemu moja.

---

Mwana wa Mikindani

@korosho_ghafi swali zuri. Tazama waliotangulia kuanguka kwenye delta hiyo hiyo.

Desemba 1914 rubani aitwaye Cutler, raia tu aliyekodiwa na ndege yake kutoka Durban, injini ilimzimikia juu ya delta akatua mtoni. Alikamatwa. Yeye ndiye aliyeiona Königsberg kutoka angani mwezi uliotangulia.

Kisha tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold walipigwa wakiwa wanaelekeza mizinga, wakaangukia mtoni. Cull alinaswa kwenye mabaki chini ya maji akajichomoa kwa nguvu. Hao waliokolewa, kwa sababu walianguka karibu na Mersey na mashua ikawafuata.

Tofauti ni hiyo, umbali wa kutoka kwenye meli yako. Moon na Bridgeman walikuwa ndani, hakuna aliyewaona wakishuka isipokuwa watu wa upande wa pili. Ndege iliyokaa juu ya maji inaonekana kutoka mbali, na wangekaa nayo wangengoja adui tu.

---

Nahodha wa Lindi

Vijana, mimi nimefanya kazi ya jahazi na baadaye boti za samaki, hori la Lindi nalijua na mlango wa Rovuma naujua. Rufiji nimepita mara nyingi kuchukua boriti enzi zile biashara ya mikoko ilipokuwa inaruhusiwa. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na tarehe zako zimenifanya nitafute kalenda ya mwezi.

Tarehe 8 Januari 1917 mwezi ulikuwa mpevu. Mvuvi yeyote humu ameshaelewa ninachotaka kusema. Hao watu walikuwa kwenye chelezo wakati wa bamvua.

Kwa wasiokuwa wa pwani nitafafanua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na hupwa sana. Mwambao wetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3. Maji yote hayo yanaingia kwenye mahori yanajaza mikoko, halafu yanatoka yote ndani ya saa sita. Penye hori jembamba mkondo wa kutoka hauzuiliki kwa kasia, sembuse kwa ubao.

Sasa angalieni saa. Bamvua za kwetu maji hujaa pomoni karibu na saa kumi alfajiri, na saa kumi tena alasiri. Hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Siku moja baada ya mwezi mpevu unaongeza kama saa moja. Kwa hiyo tarehe 9, maji yalianza kutoka alfajiri na yakaendelea kutoka hadi saa tano hivi asubuhi. Aya yako inasema walitolewa baharini lini? Asubuhi. Halafu maji yakageuka, yakaanza kuingia mchana mpaka jioni. Moon alifika ufukweni lini? Jioni.

Sisemi hakuogelea. Alikuwa mwanamume wa kweli, siku tatu bila chakula halafu bahari. Ninachosema ni kwamba maji yaliyowatoa ndiyo yaliyomrudisha. Kama Bridgeman angepata saa tano au sita za kuelea, pengine wangerudi wote wawili. Hicho ndicho kinachoniuma katika kisa hiki. Wale hawakuwa na mtu wa kuwaambia: maji yakianza kutoka, funga chelezo kwenye mkoko, ngoja. Maji yakiingia, kaa. Yakisimama, ndipo uvuke. Mtoto wa miaka kumi wa Nyamisati au wa Mchinga analijua hilo.

---

Mwana wa Mikindani

Mzee Nahodha, shikamoo. Nimesoma kisa hiki kwa muda mrefu na sijawahi kuona mtu akiweka saa za maji pembeni ya ile aya. Hii ndiyo sababu nilifungua uzi huu hapa.

---

Nahodha wa Lindi

Marahaba mwanangu. Na usiache hili: tarehe 7 na 8 walikuwa kwenye chelezo mchana kutwa na hawakufika popote. Watu watadhani walikuwa wavivu au wamepotea njia. Hapana. Saa sita maji yanakupeleka chini, saa sita yanakurudisha juu. Umepiga kasia kutwa na jua la Januari kichwani, jioni unakuta umerudi kwenye mti uleule. Wangeweza kusafiri kwa maji ya kutoka na kujifunga yakigeuka, wangepiga hatua. Lakini wakati huohuo wanaogopa kuonekana, basi pengine walijificha saa ambazo maji yalikuwa mazuri na wakatoka saa ambazo maji yalikuwa mabaya.

---

Dada wa Msimbati

Samahani wakubwa, naomba kuuliza mambo ya tumboni. Humo kwenye mikoko mtu anakula nini? Mimi najua kaa na chaza wa kwenye mizizi, mama zetu wanaokota. Na maji ya kunywa?

---

Nahodha wa Lindi

Binti, umeuliza jambo zito kuliko vita yenyewe.

Kaa wapo, chaza wapo, lakini uwe na kisu na ujue shimo la kaa lilipo, na ule chaza mbichi bila maji ya kushushia. Maji ndiyo shida. Chini kwenye mlilana na mkoko maji ni chumvi. Ukitaka maji baridi upande juu, unakuta mkandaa na mchu, nayo ni mikoko, inapungua, unaanza kuona mashamba ya mpunga. Hapo maji yanakunyweka. Na hapo ndipo watu walipo, na palipo na watu wakati ule kulikuwa na askari wa Mjerumani au mtu wa kupeleka habari.

Kwa hiyo walikuwa na njia mbili. Kushuka kuelekea meli zao na kiu, au kupanda kuelekea maji na kukamatwa. Walichagua kushuka. Siwalaumu, walikuwa wanajeshi.

---

mwalimu_masasi

Nimefuatilia kimya, sasa niingie. Nafundisha historia sekondari.

Wengi wakisoma kisa cha mwanajeshi aliyejificha nyuma ya mistari ya adui wanategemea kuona mwanakijiji mwema akimficha darini. Picha hiyo imetoka Vita ya Pili, Ulaya. Kule Ubelgiji na Ufaransa kulikuwa na mitandao ya raia, maarufu zaidi ukiwa ule wa Comète wa binti Mbelgiji Andrée de Jongh, uliowapitisha marubani kutoka nyumba hadi nyumba, kwa treni, mpaka milima ya Pyrenees na kuingia Hispania. Yeye mwenyewe alikamatwa Januari 1943. Waingereza walikuwa wameunda idara nzima, MI9, Desemba 1939, kazi yake kuwafundisha wanajeshi kukwepa kukamatwa na kutoroka kambini. Walishonewa ramani za hariri kwenye nguo na walipewa dira ndogo za kuficha kwenye vifungo.

Mwaka 1917 Moon hakuwa na mambo hayo. Lakini hata angekuwa na ramani ya hariri, je, angebisha hodi mlango wa nani?

Tukumbuke watu wa Rufiji walikuwa wanatoka wapi. Miaka 12 tu kabla ya hapo, Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, pembeni ya delta hiyohiyo. Maji Maji ikaenea Matumbi, Kilwa, Liwale, ikafika mpaka kwetu Masasi na Nyangao ambako misheni zilichomwa. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mtu mzima wa mwaka 1917 alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Sasa anakuja Mzungu mwingine amelowa, anaumwa njaa, anapigana na yule Mzungu wa kwanza. Ukimficha ikajulikana, unajua kitakachoifika nyumba yako. Ukimtoa, umemtoa mtu ambaye meli zake ndizo zilizozingira pwani yako tangu 1914.

Naomba tusiwahukumu wale watu kwa kipimo cha Ubelgiji. Yule wa Brussels aliyemficha rubani alikuwa anapigania nchi yake. Mtu wa delta alikuwa katikati ya wageni wawili wanaogombea nchi yake.

---

korosho_ghafi

Mwalimu umenifungua macho. Lakini si kuna Waafrika waliopigana upande wa Mjerumani kwa hiari? Askari wale?

---

mwalimu_masasi

Walikuwepo, na wengi. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa la askari Waafrika kwa sehemu kubwa sana, na walipigana kwa uhodari ambao hata adui zao waliuandika. Walikuwa na mshahara, hadhi, na familia zao zilifuatana nao kwenye misafara. Upande wa Waingereza nako walikuwepo King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, Wanigeria, Wahindi na wengineo. Nilichokuwa nakizungumzia ni mwanakijiji asiye na bunduki. Na pia mpagazi. Wapagazi waliokufa katika vita hii Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, na majina yao hayakuandikwa kwenye mawe ya makaburi kama ya maofisa. Aya ya nishani ya Moon ipo. Aya ya mpagazi aliyefia kati ya Lindi na Masasi ungeikuta wapi?

---

Kitangari Juu

Wakuu, mwanzisha uzi alisema tuitazame tarehe 21 Novemba 1917. Mimi ni mtu wa Newala, nimeitazama, na ninawaletea mtiririko wa wiki hizo ili uone kwa nini inatuhusu.

Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 ilipiganwa Mahiwa, nje kidogo ya Nyangao, barabara ya Lindi kwenda Masasi. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza wachache, lakini hawakuwa na wa kuwajaza wala risasi za kuendelea. Wakarudi nyuma kwa kufuata bonde la Lukuledi. Novemba Waingereza wakachukua Ndanda, kisha Chiwata, na tarehe 18 Nambindinga. Hapo Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaamua kupunguza jeshi lake. Alichagua takribani Wazungu 300 na askari 1,700 wenye nguvu ya kutembea. Wagonjwa, majeruhi na mateka waliachwa nyuma wachukuliwe na Waingereza. Waliobaki wakapita Kitangari, wakapita Newala, wakateremka upande wa Rovuma, na tarehe 25 Novemba wakavuka kuingia Msumbiji.

Basi Moon aliyekamatwa ufukweni Rufiji mwezi wa Januari alipata uhuru wake ndani ya wiki hiyohiyo, adui yake alipokuwa anaiacha nchi nzima ya Wamakonde. Miezi zaidi ya kumi ya kuwa mateka wa vita. Wanaosema alikamatwa na mambo yakaisha wanaikata hadithi katikati, kwa sababu mateka katika vita ile walikuwa wanahamishwa kadiri jeshi linavyorudi nyuma, wanakula wanachokula walinzi wao, na walinzi wenyewe kwinini ilikuwa inawaishia.

---

Mwana wa Mikindani

@Kitangari Juu ahsante sana ndugu. Na sasa nawaletea jambo la pili la tarehe 21 Novemba 1917, ambalo lilinifanya nisilale.

Siku hiyohiyo, asubuhi, huko Jamboli nchini Bulgaria, iliondoka meli ya angani ya Wajerumani, L 59, yaani Zeppelin, puto refu la gesi lenye injini. Urefu wake mita 226. Ndani watu 22, nahodha wao Ludwig Bockholt, na shehena ya tani 15 hivi: risasi, bunduki, dawa, bandeji. Ilikuwa inakuja huku. Walikusudia kumfikia Lettow-Vorbeck kwenye nyanda za Wamakonde, na haikupangwa irudi. Kitambaa cha ganda lake kingeshonwa mahema na ngozi ya njia yake ya ndani ingeshonwa viatu. Watu 22 hao wangeungana na jeshi kwa miguu.

Wakavuka bahari ya Mediterania, wakaingia Misri, wakakata jangwa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 wakiwa magharibi ya Khartoum wakapata habari kwa simu ya upepo: geuzeni. Habari yenyewe ilitaja Newala kuwa imepotea, na nyanda zote za Wamakonde ziko mikononi mwa Waingereza. Wakageuza. Walitua Jamboli tarehe 25, saa 95 angani bila kushuka, kilomita 6,757. Tarehe 25 hiyo ndiyo Lettow-Vorbeck alivuka Rovuma.

Fikirieni ujumbe ule ungechelewa siku mbili. Watu 22 wa angani wangeshuka juu ya Newala wakakuta wenyeji wao wameondoka na Waingereza wameshaingia. Wangekuwa kwenye hali ileile ya Moon, ila upande wa pili.

---

Binti Newala

Kaka Mwana wa Mikindani, hapo kwenye watu 22 kushuka Newala naomba niseme kidogo, kwa sababu nimekulia juu kule.

Mzee Nahodha alisema shida ya delta ni maji chumvi. Shida ya nyanda zetu ni kwamba maji hayapo kabisa. Mvua inanyesha, inazama kwenye mchanga, inatokea chini kwenye miteremko. Kabla ya bomba, mama zetu waliteremka usiku na vibuyu na madebe, wakachota kwenye chemchemi za bondeni, wakapanda nayo kichwani, na alfajiri ilikuwa inawakuta njiani. Ukisimama Shimo la Mungu ukaangalia chini kuelekea Rovuma unaelewa kila kitu: maji unayaona, na ni safari ya siku.

Sasa hao wa meli ya angani wangejificha wapi? Kichaka cha kwetu ni kizito, mita kumi ndani hakuna anayekuona. Kujificha kungewezekana. Lakini kiu ingewatoa siku ya pili, na wangetokea palepale chemchemini ambako kila mtu anachota, Waingereza na wenyeji. Na jeshi lolote lililopita Newala mwaka ule lilipiga kambi kwa kufuata hayo maji. Ndiyo maana hata Lettow-Vorbeck hakuweza kukaa juu akapigana. Watu wanasema alishindwa kwa risasi. Risasi zilipungua, ni kweli, lakini chakula na maji vingemtoa tu.

---

korosho_ghafi

Dada Binti Newala hiyo hoja ya chemchemi ni kali. Kwa hiyo mtu akitaka kumkamata mtoro juu ya nyanda hana haja ya kumfukuza.

---

Binti Newala

Ndiyo kaka. Unakaa penye maji unangoja.

---

Rufiji Asilia

Nimechelewa kuingia, mimi ni wa upande wa delta lakini nafanya kazi Mtwara bandarini. Mzee Nahodha heshima kwako, saa za maji umezisoma sawasawa, kwetu ni hivyohivyo. Nina nyongeza moja.

Januari ni mwezi wa kaskazi. Upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, na mchana unazidi. Alfajiri unakuwa mdogo. Kwa hiyo maji ya kutoka alfajiri hayakuwa na upepo wa kuyazuia, yakawachukua moja kwa moja. Mchana upepo umeinuka, maji yanaingia, mawimbi yanasukuma kuja ufukweni. Vyote vikaenda upande mmoja. Huyo Moon alibebwa na maji na upepo kwa pamoja.

Na kuhusu mbao za kimia walizotengenezea chelezo: hizo lazima zilitoka kwenye nyumba au kibanda. Mikokoni hakuna kimia. Kwa hiyo siku ya pili tu walikuwa wameshafika mahali palipojengwa, wakachukua ubao na miti, wakaondoka. Hawakubisha hodi, au walikuta hakuna mtu. Mwalimu aliuliza wangebisha mlango wa nani. Mimi naona mlango waliukuta.

---

mwalimu_masasi

@Rufiji Asilia, hilo la kimia sikuliona. Wakati wa vita kama ile, kibanda kitupu kinaingia akilini. Nitalipeleka darasani hivyohivyo: wanafunzi wasome aya, kila mmoja aniambie kitu kinachoonyesha watu wengine walikuwepo japo hawakutajwa.

---

Dada wa Msimbati

Na huyo Moon baada ya kuachiwa ikawaje? Alirudi kwao salama?

---

Mwana wa Mikindani

Alirudi, dada. Alipewa DSO kwa siku zile tatu, hasa kwa namna alivyojitahidi kumwokoa mwenzake. Akaendelea na jeshi la anga. Tarehe 29 Aprili 1920 alikufa kwenye ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, pwani ya Uingereza. Alikuwa na miaka 33. Bockholt wa L 59 naye hakumaliza vita: chombo chake kililipuka angani tarehe 7 Aprili 1918 karibu na mlango wa bahari wa Otranto, na hakupona mtu.

---

Nahodha wa Lindi

Mungu awalaze pema wote. Mtu aliyeokoka bamvua ya Rufiji akafia kwenye maji ya kwao.

Mwana wa Mikindani, ombi langu. Ukiandika kisa hiki mahali pengine, weka saa za maji. Usiwaache watu wafikiri Bridgeman alikufa kwa woga au udhaifu. Alikuwa kwenye mkondo ambao sisi wenyewe na injini ya mashua tunaungoja ugeuke.

---

Mwana wa Mikindani

Nitaweka, mzee wangu, na nitasema zimetoka kwa nahodha wa Lindi.

Wenye wazee Newala, Kitangari, Chiwata, Nyangao na Mtama, naomba tuwaulize waliyosikia kwa baba na babu zao kuhusu Novemba 1917. Wapagazi walipita wapi, mateka walilala wapi, ndege zilionekana wapi.

---

Binti Newala

Kaka, ukiwauliza wazee "mnakumbuka nini kuhusu vita vya Mjerumani" watakuambia hawakumbuki, walikuwa hawajazaliwa. Waulize maji yalikuwa yanachotwa wapi zamani, na chemchemi ipi iliachwa na kwa sababu gani. Hapo ndipo habari za jeshi zitakapotoka zenyewe, maana jeshi lilikunywa maji yao. Mimi naanza wiki hii na bonde la chini ya Kitangari, nina bibi mkubwa wa ukoo kule. Majibu nitayaweka hapahapa.